Karatasi ya Mikorosho Arobaini

Jumapili, 1 Oktoba

Leo nimeanza daftari jipya. Nilipokuwa muuguzi niliandika hali za wagonjwa kila siku kwa miaka thelathini na mitatu, na sasa nimestaafu mkono unaniwasha nisipoandika. Wagonjwa sina tena. Nina mdogo wangu Christopher, ambaye peke yake anatosha wodi nzima.

Amepita baada ya ibada kunijulisha kwamba korosho za upande wa chini zimeanza kudondoka. Nikamwuliza, kama ninavyomwuliza kila msimu, lini atamwandikia Flora mikorosho arobaini ya marehemu mama. Flora ni binti yangu. Mwaka wa tano huu anapalilia shamba lile, anapuliza dawa ya salfa, anaokota, anabeba, na hakuna hata kipande cha karatasi chenye jina lake. Kwetu cha mama huenda kwa mabinti na watoto wa mabinti, mjomba ni msimamizi tu, na hilo hapa Chilangala halina ubishi. Lakini mimi nilikuwa kazini Masasi, Christopher ndiye aliyebaki na mama, na daftari la kijiji lina jina moja, lake.

Akanijibu, "Dada, mbona unanizika nikiwa mzima?" Akanywa chai yangu vikombe viwili akaondoka.

Jumanne, 3 Oktoba

Jua. Ndoo sita za korosho na Flora. Mgongo.

Jumapili, 8 Oktoba

Siti ametumiwa boksi na kaka yake. Siti ni mwalimu wetu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Lushoto, amepanga chumba changu cha uani. Ndani ya boksi kuna mchezo: ubao wa karatasi ngumu, dadu mbili, noti za rangi. Unazungusha kete yako ubaoni, unanunua mitaa, mwenzako akikanyaga mtaa wako anakulipa kodi. Fedha zikimwisha anatoka. Anayebaki peke yake ndiye mshindi.

"Mshindi wa nini?" Christopher akauliza.

"Wa mchezo, Mjomba," Siti akasema. Siku hizi naye anamwita mjomba, sijui nani kampa ruhusa.

"Baada ya kuwafilisi ndugu zake wote?"

"Ndiyo."

"Na hao ndugu wanakula wapi?"

Siti alifungua kijikaratasi cha maelezo akatafuta, maskini, kama kweli yangekuwemo. Halafu Christopher akagoma kununua mitaa ya Ulaya. Hawezi, anasema, kutoa fedha kwa mahali asipopajua, udongo haujui, maji hayajui. Basi Siti akachana kurasa za daftari la shule, tukapika uji mzito wa kugundishia, tukabandika majina yetu juu ya yale: Chidya, Chiungutwa, stendi ya Newala, soko la Masasi, ghala la chama cha msingi. Mahali pa ghali kuliko pote Christopher akataka pawe shamba la mama. Niliandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa: MIKOROSHO AROBAINI.

Jafari, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja kuazima koleo akakaa mpaka jua linakuchwa. Mimi nimefanywa benki. Wamesema muuguzi haibi. Sikutaja mabomba ya sindano ya mwaka themanini na tisa.

Jumapili, 15 Oktoba

Mchezo hauendi. Christopher kakanyaga stendi ya Newala, mali ya Jafari. Jafari akamwambia, "Pita tu jirani, utanipa siku nyingine." Jafari naye kaingia Chidya kwa Flora, Flora akamkaribisha. Siti akashika kichwa.

"Mwe! Nyie hamchezi, mnatembeleana!"

Ikatungwa sheria: asiyetoza kodi anapigwa faini na benki. Wakaanza kutoza. Lakini Jafari akishapokea kodi anaichungulia, anahesabu noti mbili tatu, anamrudishia mwenzake, "Shika hizi, pole kwa msiba." Msiba gani? Hakuna aliyekufa. Niliwapigia kelele mpaka kuku wakatoka uani. Mimi ndiye benki, na benki yangu ilikuwa inaonewa.

Nimelala nikicheka, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mnada wa korosho. Bei ya mwaka huu inaridhisha. Christopher kaja kanijulisha huku anaimba wimbo wa Pasaka.

Jumapili, 29 Oktoba

Mchezo ni uleule, haujaisha. Tunauacha mezani tunaufunika kanga, Jumapili ijayo tunaufunua. Siti anatuonea. Ana soko la Masasi, ana ghala, ana nyumba kila kona, na anatoza hadi senti. Mtoto mzuri sana huyu, anayenichotea maji bila kuombwa, lakini ukikanyaga sokoni kwake anakunja mkono mezani na kusema, "Nasubiri." Christopher anamwita Mtoza Ushuru.

Jumapili, 5 Novemba

Leo lazima niandike vizuri kwa sababu nimecheka mpaka mbavu zinauma, na kuna jambo jingine.

Christopher alikanyaga soko la Masasi mara mbili mfululizo. Noti zikamwisha. Chiungutwa alishaiuza. Kwa sheria anatoka. Akasema hatoki, yeye ni mjomba, mjomba anatokaje kikaoni? Kilichobaki kwake ni mikorosho arobaini tu. Akageuka akamwambia Flora, "Mpwa wangu, nunua wewe, isiende kwa Mtoza Ushuru."

Flora akatoa laki nane za zile noti za njano. Tukadhani imekwisha. Christopher akataka kalamu. Mauziano bila maandishi ni wizi, anasema, hata ya mchezo. Siti akachana ukurasa. Christopher akaandika taratibu, ulimi nje, kama alivyokuwa akiandika shuleni: "Mimi Christopher, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu yeyote, nimemuuzia mpwa wangu Flora mikorosho arobaini ya marehemu mama yangu kwa shilingi laki nane, nimezipokea zote." Tarehe. Sahihi. Flora akasaini. Siti akasaini, shahidi. Hapo Jafari akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa muhuri wa kitongoji. Anatembea nao kila mahali tangu wajukuu zake walipougonga kwenye kuta za nyumba nzima. Akaupulizia pumzi, haaa, akaugonga. Tukaanguka. Siti alikuwa chini kabisa sakafuni.

Na mimi nikamtazama Christopher anavyojifuta machozi ya kicheko, kichwa ngumu yule, bahili wa wino, aliyeandika kwa dakika tano mchezoni kitu alichoninyima miaka mitano. Nikaichukua karatasi nikaisoma. Haikupungua kitu. Nilitamani iwe ya kweli. Nilitamani niikunje niiweke chini ya godoro, nimwache afe siku yake na mimi niitoe. Mungu anisamehe. Nikampa Flora, akaitia kwenye mfuko wa sketi.

Jumapili, 12 Novemba

Christopher kakanyaga mikorosho arobaini mara nne leo. Flora kila mara anasema, "Mjomba hatozwi kwao." Siti anadai faini kwa niaba ya benki, Flora analipa. Mara nne. Mara ya nne noti za Flora zilibaki tatu, na Christopher hakutania. Alishika kete yake, ambayo ni kifungo cha koti, akakigeuzageuza. Nilidhani anaumwa. Nikamwuliza kama amekunywa dawa ya presha.

Alhamisi, 16 Novemba

Mawingu upande wa Ruvuma. Mapema mno.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua! Korosho zilikuwa zimelala chini ya miti tangu juzi, na korosho ikinywa maji inabadilika rangi na kushuka daraja. Tumetoka wote, hata Siti baada ya kipindi chake cha mwisho, hata Christopher na mguu wake. Tumeokota tukiwa tumelowa, matope mpaka magotini, mabibo yanatupasukia mikononi. Christopher alikuwa anatuimbia tuokote kwa mwendo. Flora alikuwa kila mahali. Nilimwona akimtua mjomba wake gunia kichwani na kulibeba yeye.

Magunia tisa tumeyaanika barazani na vyumbani. Napita kitandani kwa ubavu.

Alhamisi, 23 Novemba

Jua limerudi. Korosho zimekauka, Flora kazipeleka chama cha msingi. Nimempikia kuku.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimekwenda mashineni kusaga. Nikapongezwa. Mama mmoja kanishika mikono yote miwili: "Hongera Mama Flora, hatimaye mmenunua!" Tumenunua nini? "Shamba la mama yenu. Si karatasi imeonekana?"

Debe langu la mahindi nililisahau palepale.

Flora kanieleza, uso umempauka. Siku ile ya kupeleka magunia alikosa karatasi ya kuandikia uzito, akatoa iliyokuwemo mfukoni, akaandika nyuma yake, akaiacha mezani kwa karani wa mizani. Karani akaigeuza. Mauziano kamili, mashahidi, muhuri. Mtu akapiga picha. Picha ina siku mbili inazunguka kwenye simu za watu kutoka hapa mpaka Masasi.

Masasi yuko Nicholaus, mtoto wa Christopher.

Jumapili, 26 Novemba

Sikwenda kanisani. Nicholaus alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki, kwenye mvua, akiwa amelowa hadi soksi. Ana duka la vipuri kule, hafungi duka hata akiumwa, na leo alikuwa amelifunga. Nyuma yake Christopher akaja kwa miguu, kisha Jafari aliyeitwa, kisha Flora. Siti alikuwa chumbani, nikamwambia atoke, naye ni shahidi.

"Shikamoo Shangazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetema kitu.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Akanyoosha simu. "Laki nane, Shangazi! Mikorosho arobaini kwa laki nane! Baba aliniapia hawezi kuiuza hata akifa njaa."

Christopher akaanza kucheka. "Nicho, huu ni mchezo. Tulikuwa tunacheza."

"Mchezo una muhuri wa serikali?"

Tukamtazama Jafari. Jafari akatazama vidole vyake vya miguu.

Siti akakimbia akaleta ubao. Akamwonyesha majina, noti, dadu, akamweleza kama anavyoeleza darasa la pili. Nicholaus akasema ubao wowote mtu anaweza kuubandika karatasi asubuhi hii. Kisha akamgeukia baba yake. "Kama ulikuwa na shida, Baba, kwa nini hukuniambia? Mimi si mwanao? Ninasikia kwenye simu, mteja ananionyesha, ananipa pole! Nimeendesha njia nzima nikijiuliza umekula nini mwezi huu."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyekuja kudai mikorosho. Kumbe alikuja kwa sababu alidhani baba yake amelala njaa kimya kimya. Nilimpenda sana dakika ile, mpaka aliponitazama akasema, "Au ulimpa uraka, Shangazi? Alisaini akiwa amelewa?"

Wote waliokuwepo siku ile ni watu wa meza yangu. Nani angetuamini? Ndipo Siti, ambaye siku moja nitamnyonga, akasema, "Mama Flora huandika. Kila siku huandika daftarini. Siku ile aliandika, nilimwona."

Nikaleta daftari. Nikasoma tarehe tano Novemba, tangu soko la Masasi. Nilisoma laki nane za njano, ulimi nje, muhuri, pumzi, haaa. Nicholaus alikuwa ameanza kulegea usoni. Nikafika kwenye lile "jambo jingine" langu, nikasimama. Ningeweza kufunga daftari pale. Ushahidi ulishatosha, hakuna aliyejua yaliyofuata. Lakini Flora alikuwa ananitazama, naye anajua mama yake anavyofunga mdomo akificha kitu.

Nikasoma. Kichwa ngumu. Bahili wa wino. Nilitamani iwe ya kweli. Chini ya godoro. Nimwache afe siku yake. Nilisoma yote hadi nukta ya mwisho.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niwe msichana.

"Bahili wa wino?" akasema Christopher.

"Ndiyo."

"Dada. Bahili wa wino!" Akacheka peke yake, halafu Jafari, halafu hata Nicholaus akafunika mdomo. Akakaa, hatimaye, kwenye kigoda, maji yakimchuruzika. "Nisamehe, Shangazi," akasema. "Mtu anayetunga uongo hajisemi hivyo."

Karatasi yenyewe Flora alishaifuata kwa karani. Nikaiomba. Nikaiweka kwenye jiko la mkaa mbele yao wote, ikashika moto pembeni, muhuri ukageuka mweusi, ikaisha. Flora aliitazama mpaka mwisho. Moyo uliniuma kwa ajili yake kuliko ulivyoniuma kwa aibu yangu.

Christopher alikuwa anamtazama Flora, halitazami jiko.

"Mnajua niliogopa nini?" akasema. Hakuna aliyemwuliza. "Niliogopa nikishaandika, nitakuwa mgeni. Mama alinifundisha kutembea mle. Nikasema, siku nikiandika, kesho yake mtu ataniuliza unatafuta nini humu. Sasa kwenye huu ubao wenu nimekanyaga pale mara ngapi, Mwalimu?"

"Nne, Mjomba," Siti akasema. Huyo huwa anahesabu.

"Mara nne. Sikuwa na kitu, hata noti moja. Na huyu mara nne kalipa faini ili mimi nisitozwe." "Mwenyekiti, toa muhuri. Mwalimu, chana ukurasa."

Jafari akaufunika mfuko wa shati kwa mikono miwili. "Hautoki humu! Hautoki tena! Njooni ofisini, siku ya kazi, mtendaji akiwepo!"

Christopher akamgeukia mwanawe. "Nicho, wewe unasemaje?"

"Mimi nina wajomba zangu Chiungutwa, Baba, na wana mikorosho. Hii ni ya dada Flora, nani asiyejua? Nitasaini. Lakini siku nyingine uniambie mwenyewe."

Flora akaondoka akaingia jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na mimi badala ya kumbembeleza nikaanza kulia naye.

Jumatano, 29 Novemba

Mvua kutwa. Nimemaliza kuchambua korosho zilizobaki. Christopher hajaja. Naogopa amebadili mawazo. Nimekwenda hadi njia panda mara mbili nikijifanya natafuta mbuzi.

Jumapili, 3 Desemba

Kaja. Alikuwa na homa tu. Hatukucheza, hakuna aliyetaka kufunua meza.

Jumatatu, 4 Desemba

Ofisini saa tatu. Nicholaus kafunga duka mara ya pili. Mtendaji akajaza fomu, akafika kwenye bei, akauliza, "Kwa shilingi ngapi?"

Christopher akasema, "Huwezi kumuuzia mtu kitu cha bibi yake. Andika anarudishiwa."

Mtendaji akasema fomu haina mahali pa kurudishiwa. Wakabishana robo saa. Mwisho akaandika pembeni kwa mkono. Christopher akasaini, Flora akasaini, Nicholaus shahidi wa kwanza, mimi wa pili. Jafari akagonga muhuri akiwa amefumba macho.

Nilisaini vibaya. Nimechoma watu sindano maelfu, lakini sahihi moja imenishinda.

Jumanne, 5 Desemba

Tulikuwa shambani mapema, Flora na mimi, tukiokota za mwisho. Mimi nilikuwa nyuma ya mti wa pembeni, nimeinama, ndipo nikamwona Christopher anakuja njiani na ndoo yake tupu. Miaka yote huingia tu huku akipiga kelele, anatuuliza kwa nini tumechelewa. Leo alifika kwenye mpaka, pale penye mstari wa mkonge, akasimama. Akavua kofia. Akabaki amesimama nje ya shamba la mama yake.

"Hodi," akasema.

Flora alinyanyua kichwa. Akaacha ndoo pale chini, korosho zikamwagika, akaenda mbio hadi mpakani, akamshika mjomba wake mkono, akamwingiza.